Ukiagiza laptopu ya gemu, lipia kwanza kilichochomelewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana, wazazi wao na ndugu walioko Ulaya juu ya kuagiza laptopu za kuchezea gemu. Tunayakusudia yale maduka maalumu ya mtandaoni ambako mteja anajichagulia mwenyewe prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu ya kazi), diski, kioo, hata pesti ya kupoozea, kisha duka linamfungia kompyuta yake na kuituma. Anayechagua huwa kijana wa Mwanza au Mombasa, lakini anayelipa aghalabu ni mjomba aliyeko Leicester au dada aliyeko Hamburg. Fedha ni nyingi, na sehemu kubwa yake huishia mahali pasipostahili.

Ukurasa wa kuchagulia una visanduku zaidi ya ishirini, na vyote vimepangwa kana kwamba vina uzito mmoja. Havina. Prosesa na kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, zimechomelewa kwenye bodi kuu, ile mafundi tunayoiita mazabodi, na hazitabadilishwa hadi laptopu ife. RAM, SSD (diski) na kadi ya Wi-Fi kwa kawaida zimechomekwa tu na kushikwa kwa skrubu au vibanio, na fundi yeyote mwenye bisibisi anazibadilisha kwa dakika kumi. Anayepunguza kwenye kilichochomelewa ili aongeze kwenye kilichochomekwa ameshafanya kosa lisilotengenezeka.

Kwanza tueleze maduka haya yanavyofanya kazi, maana wengi wanadhani yanaunda laptopu yenyewe. PCSpecialist ya Uingereza, XMG ya Ujerumani, Eluktronics ya Marekani na mengine ya aina hiyo hupata magamba yao kutoka kwa viwanda vya Asia, hasa Clevo ya Taiwan na Tongfang ya China. Gamba linakuja na kioo, kibodi, feni, betri na bodi kuu ambayo tayari ina prosesa na kadi ya michoro. Duka linaongeza RAM na SSD, linapaka pesti, linaweka Windows, linaijaribu na kubandika nembo yake. Ndiyo maana kati ya mwaka 2019 na 2020 laptopu moja iliyosanifiwa na Intel iliuzwa Ujerumani kwa jina la XMG Fusion 15, na Marekani kwa majina ya Eluktronics Mag-15 na Maingear Element. Majina matatu, gamba moja.

Jambo hili lina faida kubwa kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, na ni wachache wanaoitumia. Kabla ya kulipa, liandikie duka uulize namba ya gamba, ile ya Clevo au ya Tongfang. Kwa namba hiyo utasoma vipimo na majaribio ya laptopu hiyohiyo iliyouzwa kwa jina jingine, na miaka mitatu baadaye utatafuta feni, bawaba, kibodi au betri kwa namba ya gamba. Ukitafuta kwa jina la duka hutapata kitu. Tahadhari moja tu: BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha laptopu, chukua kwa duka lililokuuzia. Magamba yanaweza kufanana kwa nje huku bodi zikitofautiana ndani, na BIOS isiyo yake inaweza kuiua bodi palepale.

Sasa kadi ya michoro, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Jina la kadi halitoshi kukwambia unanunua nini. Nvidia, kampuni inayounda chipu za kadi za RTX, hutoa kadi moja ya laptopu yenye wigo mpana wa umeme, na mtengenezaji wa gamba ndiye anayeamua ipate wati ngapi. RTX 4060 na RTX 4070 za laptopu zote mbili zinaruhusiwa kuanzia wati 35 hadi 115, na kuna nyongeza ya muda ambayo gamba zuri huweza kuifikisha wati 140. RTX 4070 iliyobanwa kwenye wati 45 ndani ya laptopu nyembamba ya kupendeza inaweza kupitwa na RTX 4060 iliyopewa wati 115 zake zote, na bado ikauzwa ghali zaidi kwa sababu ya ile 70. Zamani kadi zilizobanwa ziliandikwa Max-Q na mnunuzi alijua. Kizazi cha RTX 30 kilipotoka mwaka 2021, neno hilo halikulazimika tena, na Nvidia ikabaki kuwataka watengenezaji wataje wati. Baadhi, kama XMG, wanaziandika wazi. Wengine wanazificha chini kabisa ya ukurasa, au hawaziandiki.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: kadi hii inapata wati ngapi ndani ya gamba hili, na nyongeza ni wati ngapi? Akijibu kwa jina la kadi bila wati, hajajibu.

Pia jina la kadi ya laptopu na lile la kompyuta ya mezani si kitu kimoja. RTX 4090 ya mezani ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 16,384 na kumbukumbu ya GB 24. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728 na GB 16, na imejengwa juu ya chipu ndogo zaidi. Kijana anayetazama video ya majaribio ya kadi ya mezani halafu akaagiza laptopu yenye jina lilelile atasikitika bure.

Kumbukumbu ya kadi nayo imechomelewa. RTX 4060, 4070, 5060 na 5070 za laptopu zote zina GB 8. Gemu kubwa za miaka ya karibuni, ukiweka picha kwenye ubora wa juu, huzijaza hizo GB 8, na zikijaa gemu linaanza kukwamakwama hata kama kadi yenyewe bado ina nguvu. Hatua ya kweli juu ya hapo ni RTX 5070 Ti yenye GB 12, kisha RTX 5080 yenye GB 16, na juu kabisa RTX 5090 yenye GB 24. Kama bajeti inaishia kwenye GB 8, linganisha bei ya 5060 na 5070 kwa makini. Tofauti yake mara nyingi inafaa zaidi ikiwekwa kwenye gamba lenye wati nyingi na upoozaji mzuri.

Je, maduka haya hayana laptopu zinazobadilishwa kadi? Zilikuwepo. Clevo X170SM-G ya mwaka 2020 ilikuwa na soketi ya prosesa ya mezani, na kadi yake ya michoro ilikuwa ya kuchomeka, ya aina ya MXM. Zilikuwa nzito kama tofali, na zama zake zimepita. Ukiona tangazo la laptopu mpya ya gemu likisema unaweza kuongeza nguvu baadaye, uliza wanakusudia nini. Karibu kila mara ni RAM na diski tu.

Prosesa hatutaichambua sana. Kwa anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant akitaka picha 200 kwa sekunde, prosesa ina uzito mkubwa. Kwa anayecheza gemu za hadithi zenye picha nzito, kadi ndiyo inayobeba mzigo, na prosesa ya daraja la kati inatosha. Usipande daraja la prosesa kwa kushuka daraja la kadi.

Kioo kiko katikati: fundi anaweza kukibadilisha, lakini ni kazi ghali na kioo chenyewe hakipatikani kirahisi, kwa hiyo kihesabu kama kilichochomelewa. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Cha 2560 kwa 1600 kina 4,096,000, karibu mara mbili, na kadi inalazimika kuzichora zote. RTX 4060 au 5060 inafaa zaidi na kioo cha kwanza, na ukichukua cha pili uwe tayari kushusha ubora wa picha au kutegemea DLSS, mbinu ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza. Rangi nazo ziangaliwe. Kioo kilichoandikwa asilimia 45 ya NTSC (kipimo kimoja cha rangi) huonyesha takribani asilimia 62 tu ya rangi za sRGB, kipimo cha kawaida cha vioo vya kompyuta, na hata gemu zuri huonekana limefifia. Tafuta kinachokaribia asilimia 100 ya sRGB, chenye mwanga wa niti 300 au zaidi. Uliza pia kama kuna swichi ya MUX, inayoiwezesha kadi ya michoro kupeleka picha moja kwa moja kwenye kioo bila kupitia kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa.

RAM na SSD ndivyo visanduku ambako maduka hupata faida nono. Hatulaumu, ni biashara, lakini mteja ajue. Kanuni ya RAM ni vipande viwili vinavyofanana, si kimoja. Kipande kimoja cha GB 16 kinafanya kazi kwa njia moja, na viwili vya GB 8 vinafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na katika gemu tofauti inaonekana. Lakini vipande vya DDR5 (kizazi kinachofuata DDR4) vya GB 8 vina muundo mwembamba wa ndani na huwa na kasi ndogo kidogo kuliko vya GB 16, kwa hiyo pakiwezekana lenga 2 × GB 16. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, na RAM ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye laptopu. Andika SODIMM, yaani RAM ya umbo la laptopu, unapoagiza.

Miaka iliyopita ushauri wetu ungekuwa mmoja tu: chagua RAM ndogo kabisa, kisha ongeza mwenyewe kwa bei nafuu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani kote, na kuna nyakati duka lenye shehena ya zamani linauza kwa bei nzuri kuliko soko la rejareja. Linganisha siku hiyohiyo unayoagiza, usitegemee bei ulizozisikia mwaka juzi.

Kwa SSD, chukua moja nzuri ya NVMe (aina yenye kasi) ya PCIe 4.0 (kizazi cha muunganisho wake), ya GB 500 au TB 1, na hakikisha gamba lina tundu la pili la SSD, la M.2 la ukubwa wa 2280, ambalo liko wazi. Usilipie TB 4 kiwandani. SSD ya PCIe 5.0 kwenye laptopu ya gemu ni joto zaidi kuliko faida, kwa kuwa muda wa kufungua gemu hautofautiani kwa kiasi utakachokihisi. Uliza kwa maandishi kama kufungua kifuniko cha chini na kuongeza RAM kunavunja waranti. Maduka mengi ya aina hii yanaruhusu, na hiyo ni moja ya sababu za kununua kwao, lakini jibu liwe kwenye barua pepe.

Vingine kwa haraka. Kadi ya Wi-Fi ya kawaida ya Intel inatosha. Ile ghali haipunguzi ucheleweshaji wa gemu, kwani seva ziko mbali na umbali haubadilishwi na kadi. Kebo ya mtandao hadi kwenye ruta husaidia zaidi. Windows unaweza kuiacha kama una leseni yako halali. Anayevutiwa na laptopu za Linux (mfumo mbadala wa Windows) kama za Tuxedo ajue kwamba Valorant haichezeki humo kabisa, na kwenye Windows 11 gemu hilo linadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambazo ni kinga za usalama za kompyuta, ziwe zimewashwa. Ukiagiza Ujerumani, kagua kisanduku cha kibodi mara mbili: ya Kijerumani ina Z na Y zimebadilishana nafasi, na alama nyingi haziko unapozizoea.

Upoozaji unahitaji maelezo zaidi kwa sababu ya hali yetu ya hewa. Majaribio mengi unayoyasoma yamefanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Dar es Salaam au Mombasa chumba kisicho na kiyoyozi kina nyuzi 30 au zaidi, na zile nyuzi 10 zinahamia karibu zote kwenye chipu. Laptopu iliyoishia nyuzi 80 Ulaya itafika 90 hapa, na kadi za laptopu za Nvidia kwa kawaida huanza kujipunguza zikikaribia 87. Ndiyo sababu gamba nene lenye feni kubwa linatufaa kuliko jembamba lenye kadi ileile. Kwenye kisanduku cha pesti utaona metali ya kimiminika. Inapooza vizuri kweli, lakini inapitisha umeme na inakula alumini, na ikimwagika kwa mtikisiko wa safari au kwa fundi asiyeijua, bodi imekwisha. Chagua pesti nzuri ya kawaida au ile karatasi inayolainika kwa joto, Honeywell PTM7950, ambayo haihamihami kama pesti laini.

Baada ya hapo adui ni vumbi. Kila baada ya miezi mitatu hadi sita fungua kifuniko, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, puliza kwa blowa upande wa mapezi ya shaba. Feni ikizungushwa na blowa inaweza kuharibu beringi zake, na yenyewe inazalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Ukicheza, weka kikomo cha picha 60 au 90 kwa sekunde kwenye gemu ambazo hazihitaji zaidi. Joto na kelele vinashuka mara moja.

Chaja nayo si ya kupuuzwa. Kadi ya wati 115, prosesa ya wati 45 hadi 65, kioo na feni vinapita wati 200 kwa urahisi. Ukiuziwa chaja ya wati 180, utaona betri inashuka ilhali imechomekwa, kisha nguvu ya gemu inapungua. Kwa kadi za daraja la kati taka wati 230, kwa zile kubwa 280 au 330. USB-C ya wati 100 ni ya kazi za ofisini na safari. Chaja hizi hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo hazihitaji kigeuzi cha volti. Kinachobadilika ni waya wa ukutani tu. Chaja kubwa nyingi hutumia waya ule wa kompyuta ya mezani, unaopatikana kila mahali. Nunua wenye plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi, usitumie adapta ya bei rahisi inayocheza kwenye tundu. Umeme ukikatika chomoa chaja, maana ule mpigo wa umeme unaporudi ndio unaoua chaja. Anayetaka kuendelea kucheza ajue kwamba kwa betri kadi hupewa sehemu ndogo tu ya wati zake. Anahitaji UPS (kifaa cha umeme wa akiba), na asome wati si VA: UPS ya VA 650 hutoa kati ya wati 325 na 400 kutegemea aina.

Tuje kwenye malipo na sheria. Maduka mengi haya hayatumi Afrika Mashariki, au yanakataa kadi ya benki iliyosajiliwa nchi moja na anwani ya kupokelea nchi nyingine, hivyo ununuzi hupitia kwa ndugu. Basi ndugu huyo ndiye mnunuzi kisheria, na yeye ndiye atakayedai waranti. Akilipa kwa kadi ya mkopo ya Uingereza bidhaa ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji. Akilipa kwa kuhamisha fedha benki ili apate punguzo dogo, kinga hiyo hana.

Bei zinazoonekana Uingereza zina VAT ya asilimia 20 ndani yake, na Ujerumani asilimia 19. Laptopu ya pauni 1,500 ni pauni 1,250 bila VAT. Duka likikubali kuituma lenyewe nje ya nchi, linaweza kuiondoa kodi hiyo, kwa hiyo uliza. Lakini ndugu akiinunua Uingereza na kuibeba kwenye begi, tangu 1 Januari 2021 hakuna tena kurudishiwa VAT uwanja wa ndege kwa wanaoondokea Uingereza bara. Kwa upande wetu, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeziweka laptopu kwenye asilimia 0, jambo linalowafanya wengi wadhani hakuna cha kulipa. Iko VAT ya kuingiza bidhaa, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, pamoja na tozo nyingine, na hesabu yake huanzia kwenye bei pamoja na usafiri na bima. Tuseme laptopu ni pauni 1,250, usafiri na bima pauni 90: asilimia 18 ya 1,340 ni pauni 241.20. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa, na risiti halisi iambatane na mzigo. Risiti ya bei ya kupunguza inakunyima hata bima mzigo ukivunjika.

Haki ya kurudisha nayo ina mtego. Uingereza na Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia, lakini bidhaa iliyotengenezwa kwa maelekezo ya mteja imetolewa kwenye haki hiyo, na maduka yanatofautiana kuhusu laptopu ya kujichagulia. Soma masharti kabla. Bidhaa yenye kasoro ni jambo jingine: sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inatoa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote, kuanzia siku ilipopokelewa. Siku hizo hazimsubiri msafiri. Laptopu iliyopokelewa Manchester mwezi Septemba na kukaa ndani ya boksi hadi Krismasi ndipo ije Dar es Salaam, imekwisha poteza haki hiyo bila mtu kuigusa. Na waranti iliyoandikwa miaka 3 inaweza kuwa miaka 3 ya kazi ya fundi, mwaka mmoja tu wa vipuri, na muda mfupi zaidi wa kuchukuliwa nyumbani bure. Soma mistari yote mitatu.

Kwa hiyo ndugu wa Ulaya aifungue siku hiyohiyo inapofika. Arekodi video anapofungua boksi. Aichaji, amalize masasisho ya Windows, kisha afungue Task Manager aone RAM ni vipande viwili na kasi ni ile iliyolipiwa. Kwenye Nvidia Control Panel, sehemu ya taarifa za mfumo, ataona kiwango cha juu cha wati za kadi. Kikitofautiana na kilichoahidiwa kwenye barua pepe, hapo pana hoja ya kudai. Aendeshe gemu zito dakika 30 chaja ikiwa imechomekwa, programu ya vipimo ya HWiNFO64 ikiwa wazi, aangalie wati, joto, na kama betri inashuka. Programu ya CrystalDiskInfo itaonyesha saa ambazo SSD imeshatumika, na kwenye laptopu mpya ziwe chache sana. Amri ya powercfg /batteryreport inatoa ripoti ya uwezo halisi wa betri. Mwisho kioo cheusi kwenye chumba cha giza kuona mwanga unaovuja pembeni, rangi moja moja kutafuta nukta zilizokufa, kila kitufe, kila tundu. Kwa nukta moja iliyokufa maduka mengi hayabadilishi kioo, isipokuwa ulilipia dhamana yake wakati wa kuagiza.

Limebaki la betri. Laptopu ya gemu hushinda imechomekwa, na betri inayokaa asilimia 100 kwenye joto huvimba, wakati mwingine hadi inainua padi ya kipanya. Programu ya gamba ina sehemu ya kuweka kikomo cha kuchaji, na asilimia 80 inafaa. Ikivimba usiichaji tena wala usiitoboe. Kuipata nyingine ndiyo kazi, kwa sababu tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, ingawa zilizo ndani ya kifaa zinaruhusiwa. Njia inayobaki kwa wengi ni msafiri kuibeba kwenye begi la mkononi, si lile la chini, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe, na isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Magamba mengi makubwa yana betri ya Wh 99 kwa sababu hiyo hasa. Namba ya betri imeandikwa juu yake, ndani ya kifuniko. Ipige picha siku ile ya kwanza ukifungua kuongeza RAM, na uitunze pamoja na namba ya gamba.

Wasalaam,

Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam